Kitabu Kikifa, Ngozi Irudi

Mwalimu Apolonia hajui kunong'ona. Alikulia machimboni, upande wa Geita, mama yake akiwapikia wachimbaji ugali hatua chache kutoka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ambayo ikiwashwa asubuhi hata jogoo huona haya kuendelea. Mtoto aliyetaka chumvi alilazimika kuishinda karasha kwanza. Apolonia aliishinda, na tangu hapo hajapata sababu ya kupunguza. Aliwahi kupelekwa hospitali ya Kolandoto kupimwa masikio. Masikio yalikuwa mazima. Waliorudi wakilalamika ni wale waliomsindikiza.

Kusoma nako alijifunzia kambini. Kitabu cha hadithi hakikuwepo, ila palikuwa na karatasi ya maelekezo ya pampu ya kuvuta maji shimoni. Ilikuja ndani ya boksi, na hakuna mchimbaji aliyeona haja ya kuisoma kwa kuwa pampu ilikuwa inawaka. Apolonia aliisoma mpaka ikamkaa kichwani. Hadi leo, mwanafunzi akikimbilia jibu kabla ya kulielewa swali, humwambia: "Kabla ya kuwasha, hakikisha mpira umezama majini." Darasa la tatu hawaulizi mpira gani. Wanarudi kwenye swali.

Sasa anafundisha darasa hilo katika shule moja ya msingi upande wa Didia, penye pamba, mtama na vumbi la ng'ombe. Akiwasomea watoto hadithi, darasa la tano huacha hesabu zao na kusikiliza kupitia ukutani. Wagonjwa wa zahanati, ng'ambo ya uwanja wa mpira, wamewahi kukataa kuingia kwa tabibu mpaka wajue fisi aliishia wapi. Shida ilikuwa moja tu: fisi aliishia palepale kila wiki. Apolonia alikuwa na kitabu kimoja, alichokinunua mwenyewe, na watoto walishakijua kiasi kwamba akiruka mstari walimsimamisha kama trafiki.

Kisha vitabu vikaja, maboksi mazima. Vililetwa na Induben, bibi wa Kihindi mwenye duka la mashuka na vitambaa Shinyanga mjini, ambaye mji mzima humwita Mama Pritesh kwa jina la mwanawe. Alitaka kumkumbuka marehemu mumewe kwa kitu ambacho kisingeishia kubandikwa ukutani. Vilikuwa vitabu vya watoto, vya Kiswahili, vyenye picha za rangi. Alivikabidhi mwenyewe, akasema atarudi baada ya mavuno aone vinavyoendelea.

Mwalimu Mkuu, Stanslaus, alivipokea kwa hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa kusoma. Halafu akavifungia kabatini kwa kufuli.

Tusimwonee. Mwalimu Stanslaus ni Msukuma wa ukoo wenye ng'ombe, na kwao mali haitumiwi, mali hutazamwa. Baba yake alikuwa na zizi lililojaa, na maisha yake yote alikula mlenda. Isitoshe, Stanslaus mwenyewe alikuwa na uzoefu wa kuazimisha vitu vya shule. Jembe lilikwenda kijijini likarudi mpini. Mpira wa miguu ulikwenda ukarudi nusu, na nusu ya pili ilionekana baadaye ikiwa kofia. Kwa hiyo alivipanga vitabu wima nyuma ya kioo cha kabati, na mgeni wa ofisi aliketishwa kwenye kiti kinachoelekea huko.

"Mkuu, watoto wanavitaka vile vitabu," Apolonia alimwambia.

"Wanaviona."

"Kupitia kioo?"

"Punguza sauti, Mwalimu. Kupitia kioo, ndiyo. Kioo hakichani kurasa."

"Kitabu kisichosomwa kina faida gani?"

"Kinabaki kipya," alisema Stanslaus, kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa swali jepesi.

Kwa kuwa amekulia machimboni, wazo la kwanza la Apolonia lilikuwa la kimachimbo: wagawane vitabu kama wachimbaji wanavyogawana mifuko ya mawe, kila mtoto na fungu lake. Stanslaus alimwuliza kama kule Geita mchimbaji akishabeba mfuko wake huonekana tena. Apolonia hawezi kusema uongo kwa sauti ile. Akakiri kwamba haonekani.

Wazo la pili alilikuta kwa Mzee Ngassa. Alikwenda huko kumfuata Ritha, mjukuu wa mzee, aliyekosa shule kwa sababu ndugu yake mchungaji ni mgonjwa, na ng'ombe hawajui likizo. Akakuta zizi limejaa.

"Hongera, Mzee. Wote hawa wako?"

"Wangu ni hao waliokonda. Hao wanene ni wa watu."

"Sasa watu wanakuachia ng'ombe wao?"

Mzee Ngassa alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelelewa na mashine. Akamweleza. Mwenye ng'ombe wengi huwatawanya: huyu anampa rafiki, huyu shemeji, wakachungwe. Mchungaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mchungaji hapeleki maneno, anapeleka ngozi. Ngozi ndiyo inayosema kwamba amekufa kweli, hakuuzwa mnadani.

"Na asipopeleka ngozi?"

"Basi watakuja sungusungu, walinzi wa kijiji, kuizungumzia," alisema mzee.

Apolonia alirudi shule kwa baiskeli akiongea peke yake. Njia nzima ikamsikia.

"Mkuu, hatuviazimishi!" alianza kabla hajafika mlangoni. "Mtu akiazima, anasahau kabla hajafika kwake. Tunavikabidhi vichungwe. Kila kaya inachukua kitabu kama ng'ombe, mbele ya mashahidi. Maziwa yao, ng'ombe wetu."

Stanslaus aliligeuza wazo lile kichwani. Lilikuwa wazo baya, lakini lilikuwa limevaa nguo za baba yake. Zaidi ya hapo, halikumfanya mtu anayetoa vitu vya shule ovyo. Lilimfanya tajiri anayetawanya mifugo.

"Kikifa?" aliuliza.

"Ngozi irudi. Jalada."

"Siku Mama Pritesh akija, mali yote iwe mezani. Kikikosekana kimoja, nafunga kabati, na ufunguo nitauweka ninakojua mimi."

Hapo ndipo mambo yalipokaa. Apolonia alikuwa na msimu mmoja wa kuthibitisha kwamba kitabu kinaweza kutoka, kikasomwa, na kikarudi.

Wazazi waliitwa. Kwa kawaida wazazi huja shuleni kwa wito wa michango, yaani hawaji. Safari hii walisikia kuna kukabidhiwa, wakaja na mashati ya kanisani. Stanslaus alitoa masharti akiwa amesimama kama mwenye zizi. Maziwa ni hadithi, alisema. Mtoto akamue kwa sauti, nyumba nzima inywe.

Mzee Ngassa alinyoosha fimbo. "Na samadi?"

"Kitabu hakina samadi, Mzee."

"Nauliza tu. Mtu asije akasema sikuuliza."

Kilichofuata Apolonia hakukitarajia: walichukulia jambo lile kwa uzito wote. Mvua ikinyesha, kitabu kiliingizwa ndani kabla ya nguo na kabla ya baadhi ya watoto. Kaya moja ilikihifadhi ndani ya kihenge, katikati ya michembe, na mpaka leo kurasa zake zinanukia viazi. Baba ambaye hakuwahi kumwuliza mwanawe amejifunza nini, sasa aliuliza kila jioni kama kitabu kimekamuliwa, na mtoto aliyesoma haraka haraka alisimamishwa: "Rudia. Hujafika kwenye chuchu zote." Watoto wa darasa la tatu walioanza mwaka wakizivuta herufi kama mkokoteni, walianza kusoma kwa mwendo wa baiskeli, kisha kwa mwendo wa baiskeli inayoshuka. Walikuwa na wasikilizaji wakali kuliko mwalimu.

Kisha kitabu kimoja kikafa.

Mama Vumilia alifika ofisini asubuhi akiwa na jalada lililokunjwa ndani ya kanga, jirani yake kama shahidi, mwanawe Vumilia, na mbuzi kwenye kamba.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Huyu mbuzi?"

"Ndiye mtuhumiwa."

Akakunjua kanga. Lilikuwa jalada la kitabu cha kobe aliyesafiri kutafuta mvua. Kobe alikuwepo, mvua ilikuwepo kwa mbali, ila ndani hapakuwa na kitu isipokuwa uzi na alama za meno. Jirani alishuhudia kwamba alimwona mbuzi akimalizia mwisho wa hadithi. Mbuzi, kwa upande wake, alikuwa ameanza kutafuna ratiba ya vipindi iliyoning'inia mlangoni, na hakuna utetezi ambao ungemsaidia baada ya hapo.

"Kobe alikuwa ameshakamuliwa?" Stanslaus aliuliza kwa huzuni.

Vumilia, ambaye mwanzo wa mwaka alikuwa akijificha nyuma ya wenzake ili asiitwe kusoma, alisimama akaitoa hadithi yote ya kobe, kutoka jalada hadi jalada, pamoja na mistari ambayo sasa ilikuwa tumboni mwa mbuzi. Akaiga hata sauti ya radi.

"Basi amekufa kihalali," alisema Apolonia.

"Kwetu, ndiyo," alisema Stanslaus, akiivuta ratiba kutoka mdomoni mwa mbuzi. "Lakini Mama Pritesh ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara hahesabu ngozi kama ng'ombe."

Zikabaki siku chache. Vitabu vilirudi kimoja kimoja, vingine vimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, vingine vimeletwa na ujumbe wa wazee wa ukoo kana kwamba ni mahari. Kilichokosekana ni cha Mzee Ngassa. Apolonia akapanda baiskeli.

"Mwangaluka, Mzee Ngassa!"

"Mwangaluka, Mwalimu. Umeanza kunisalimia tangu kule kwenye korongo. Nimeshaitikia mara mbili."

"Nimefuata kitabu."

"Hakiendi."

"Mzee, yule mama anakuja kesho. Kikikosekana, kabati linafungwa, na hao watoto wanarudi kuangalia kioo."

"Nikuulize, Mwalimu. Ng'ombe mwenye mimba unamswaga njiani?"

Apolonia alimtazama Ritha. Ritha aliitazama penseli yake.

"Kitabu kina mimba?"

"Siku yoyote sasa."

Ikabidi aelezwe. Kitabu cha Mzee Ngassa kilimhusu sungura aliyeiba nyama ya fisi, akamsingizia fisi mwenyewe, akaondoka akicheka. Ritha alikisoma, nyumba nzima ikanywa, na babu yake hakupata usingizi.

"Anaiba," alisema mzee, akigonga fimbo chini. "Anasingizia. Anacheka. Halafu karatasi imekwisha! Nikamwambia Ritha, fungua mbele huko. Ananiambia mimi babu yake, 'Guku, mbele ni jalada.' Mtu ameiba, halafu jalada? Kijiji gani hicho kisicho na sungusungu?"

"Ni hadithi tu, Mzee."

"Ndiyo maana naitengeneza. Ingekuwa kweli ningekwenda polisi."

"Guku anasema, mimi naandika," alisema Ritha. "Ila anabadilisha adhabu kila siku."

"Kesi haiharakishwi," alisema mzee. "Nenda, Mwalimu. Kesho nitamleta mwenyewe, na kilichomo tumboni mwake."

Usiku ule mtu mmoja tu alilala vizuri, naye ni mbuzi.

Asubuhi Apolonia alikuta vitabu vimepangwa juu ya meza ndefu uwanjani, na kwa mshangao wake, kitabu cha kobe kilikuwa miongoni mwao, kinene, kimesimama wima, mzima wa afya. Alimgeukia Stanslaus. Stanslaus aliangalia upande wa bendera.

Wafugaji wanajua kwamba ndama akifa, ngozi yake hujazwa majani na kuwekwa karibu na mama yake, ili asikatae kutoa maziwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameijaza ngozi ya kobe kwa kijitabu alichokikuta droo ya chini.

"Mkuu, hii siyo—"

"Sauti, Mwalimu. Sauti."

Gari la Mama Pritesh likafika. Alishuka taratibu, sari ya buluu na raba miguuni, akasalimiwa shikamoo na shule nzima, akaitikia marahaba yake, kisha akawauliza wazee hali kwa Kisukuma safi kuliko cha Mwalimu Mkuu, ambaye alikwenda chuo. Alipita mezani akitabasamu. Mkono wake ulipita juu ya vitabu vyote hai, ukasimama juu ya kobe.

Akakifungua. Akavaa miwani.

"Mwalimu Mkuu," alisema. "Huyu kobe alikwenda kutafuta mvua, sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Naona safari ameianzia chooni." Akasoma kwa sauti: "'Shimo liwe mbali na kisima. Kila darasa liwe na zamu ya kudeki.'"

Watoto walicheka kwanza, kwa kuwa hawana cheo cha kupoteza. Apolonia aliona kabati likifungwa, ufunguo ukienda, kioo kikirudi mahali pake. Akasonga mbele.

"Kilikufa, Mama. Mbuzi alikila. Tulikikabidhi kwa wazazi kama ng'ombe, kama wanavyofanya hapa, na mama wa mtoto alileta ngozi. Ndiyo hiyo. Mengine yote tumeongeza kwa woga."

Alikuwa amejitahidi kusema kwa upole. Huko zahanati watu walisimama.

Mama Pritesh alilitoa jalada kwenye kijitabu cha vyoo. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye alama za meno, akalinusa.

"Baba mkwe wangu alinunua ngozi mji huu miaka mingi kabla hatujaanza mashuka," alisema. "Uani palikuwa pananuka, sisi wanawake tulikuwa tunalalamika. Alikuwa akisema, ngozi haijawahi kumdanganya, wauzaji ndio." Akamtazama Stanslaus juu ya miwani, bila haraka. "Alikamuliwa?"

"Vumilia!" Apolonia aliita, na Vumilia akasimama. Radi ya safari hii ilikuwa bora zaidi, kwa sababu ya wageni.

"Amekufa vizuri," alisema Mama Pritesh. Akahesabu vilivyobaki. "Mmoja hayupo hapa. Na huyo ngozi yake iko wapi?"

Hapo ndipo Mzee Ngassa alipoonekana akivuka uwanja kwa mwendo wa mtu anayeswaga mnyama asiyetakiwa kukimbizwa. Nyuma yake Ritha alibeba kitabu cha sungura kwa mikono miwili, na juu ya kitabu daftari lililoshonwa kwa uzi mwekundu wa gunia.

"Amezaa alfajiri," mzee alitangaza. "Mama na mtoto wazima."

"Wabeja, Mzee," alishukuru Mama Pritesh. "Tumwone."

Ritha alipanda juu ya kiti. Alitaka kuanza mbio mbio, lakini Apolonia alimwambia, "Kabla ya kuwasha, hakikisha mpira umezama," na Mama Pritesh ndiye peke yake uwanjani aliyejiuliza mpira gani. Ritha akavuta pumzi, akasoma.

"'Sungura aliitwa mbele ya sungusungu. Akaulizwa, nyama iko wapi? Akasema, sijui. Akaulizwa, na hilo tumbo ni la nani? Sungura akanyamaza, kwa sababu tumbo lilikuwa lake.'"

Wazee waliguna kwa kuridhika. Kesi ilikuwa inakwenda vizuri.

"'Akatozwa faini ya ng'ombe. Akasema, mimi sungura sina ng'ombe. Wakasema, basi utachunga wa fisi. Maziwa utakunywa wewe, ndama ni wa fisi. Na akifa, lete ngozi. Ndiyo maana mpaka leo sungura haonekani mchana. Yuko machungani.'"

Makofi yalipigwa na wazazi kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea shuleni pale. Mama Pritesh alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nina swali," alisema. "Fisi ana ng'ombe, na yeye ni fisi. Anawaachaje hajawala?"

Mzee Ngassa alifikiri huku akishika kidevu. Alimtazama Ritha. Ritha alikwishatoa penseli.

"Hilo," alisema mzee, "ni la ndama wa pili."

Sasa likabaki suala la mali, ambalo mbele ya wazee haliachwi hewani. Ndama ni wa nani? Mzee Ngassa alisema sheria haina mjadala, ndama hufuata mwenye ng'ombe. Mama Pritesh akasema yeye alishatoa, ng'ombe ni wa shule. Macho yote yakamwendea Mwalimu Mkuu, ambaye tangu mambo ya chooni alikuwa hajapata pa kuyaweka yake. Taratibu alielewa kilichotokea. Vitabu vilitoka zizini, vikaenda kwa watu, na mifugo yake ikaongezeka. Kwa baba yake jambo hilo lingetosha kusimuliwa mpaka uzeeni.

Akalipokea daftari kwa mikono yote miwili. Na kwa mazoea, bila nia mbaya, akageuka kwenda kabatini.

"Mwalimu Mkuu," Mama Pritesh alimwita. "Ndama ukimfungia, atanyonya wapi?"

Stanslaus alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Alilitazama kabati, akalitazama daftari. Apolonia hakusema kitu, na kwa watu wanaomjua, ukimya ule ulikuwa mzito kuliko karasha. Mwishowe Mwalimu Mkuu alirudi, akamwekea Apolonia daftari mikononi.

"Mkabidhi mtu mwenye mkono mzuri," alisema. "Na hao mezani nao, wasilale njaa."

Siku hizi kabatini mna kitu kimoja tu, jalada la kobe, limebanwa wima nyuma ya kioo. Mgeni wa ofisi bado anaketishwa kuelekea huko, na haondoki bila kuelezwa habari za mbuzi. Mzee Ngassa alidai fadhila anayopewa mchungaji ng'ombe akizaa, akapewa kitabu kingine. Aliomba kisiwe na sungura. Stanslaus naye amekuwa msumbufu kwa namna mpya. Hukutana na wazazi gulioni, na badala ya michango huwauliza kama kuna dalili.

Juzi alimwita Apolonia ofisini, akafunga mlango, akamwomba amweleze kwa siri kuhusu kitabu kilichoko kwa Charles, baba mmoja wa kule bondeni. Kimekaa huko mihula miwili, kimya.

"Kimeshika," aliuliza Stanslaus, "au ni tasa?"

Apolonia alimsogelea na kujitahidi kunong'ona. Zahanati nzima ikajua kwamba bado, ila baba mtu ameanza kugombana na ukurasa wa mwisho.